Mfereji Upitao Owino

Mgeni ashukaye katika vituo vya mabasi vya Kampala hupokewa na Owino kabla hajauona mji wenyewe. Soko hili, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, lilianzishwa mwaka 1971 kando ya uwanja wa michezo wa Nakivubo. Mitumba imetundikwa juu ya vichwa vya wapitao, na mukene mkavu, ndio dagaa, umejaa magunia.

Pembeni mwa soko unapita mfereji wa Nakivubo. Wengi huuvuka pasipo kuutazama, isipokuwa siku za mafuriko. Maji yake meusi hubeba maganda ya matoke, sabuni na taka za mji, yakapita Bugolobi hata kwenye kinamasi karibu na Luzira, kisha yakaingia Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, huwapatia watu wa Kampala maji ya kunywa.

Hapo mwanga huingia kazini. Taka zile zina naitrojeni na fosforasi, ambazo kwa mimea ni mbolea. Kampala i karibu na Ikweta, hivyo hupata mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mafunjo ya kinamasi, yakipata jua, huila mbolea hiyo kabla haijafika ziwani. Wafugao samaki wa bahari majumbani huiga kazi hiyo kwa udogo. Huotesha mwani katika tangi la pembeni, wakaliwashia taa usiku wakati tangi la samaki li gizani. Mwani hula uchafu wa samaki, tena hunyonya hewa ya kaboni ambayo usiku huyatia maji tindikali. Ukikua huvunwa na kutolewa nje. Usipovunwa huoza, ukayarudishia maji yale yale uliyoyaondoa.

Kinamasi cha Nakivubo hakihitaji taa wala swichi. Kinahitaji nafasi, nayo ndiyo iliyopungua: sehemu kubwa ya mafunjo imefyekwa, pakapandwa magimbi na miwa. Mbolea isiyoliwa na mafunjo hufika ghubani, na jua lile lile likaotesha mwani mdogo sana, hata maji yakawa kijani kama mchuzi wa dodo. Mchana mwani huo hutoa oksijeni. Usiku huivuta, na samaki huweza kukosa pumzi kabla ya mapambazuko.

Jambo moja yafaa lijulikane kambini na majumbani. Aina fulani za mwani huo zina sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Hivyo maji ya ziwa yaliyotanda utando wa kijani yasichotwe kabisa, hata kama sufuria ipo jikoni tayari.

Kuyasafisha maji ya Ggaba kumezidi kuwa kazi ngumu na ya gharama. Katika miaka ya karibuni mtambo mwingine umejengwa Katosi, wilaya ya Mukono, mbali na ghuba, na maji yake husafirishwa kwa mabomba hadi mjini.