Moro usiku: kirukanjia yupi huyo?

Ukimwita dada wa watu kirukanjia pale stendi ya Msamvu, usishangae ukila kibao. Wengi wetu neno hilo tunalijua kama tusi. Lakini kirukanjia mwenyewe ni ndege wa usiku, hana habari na mtu, na wewe unayepanda treni ya SGR kwenda kujinafasi mji kasoro bahari unaweza kumsikia bure kabisa.

Watalii wa ndege wakifika Moro macho yote Uluguru. Wanamfuata chozi wa Loveridge, ambaye dunia nzima anaishi kwenye milima hiyo tu. Waache wapande na mabuti yao ya bei mbaya. Sisi wa mfuko mwepesi tunabaki huku chini, kwenye miti na vichaka vya upande wa Mindu, tunangoja giza. Chukua mshikaji mmoja wa kukusindikiza, maana giza la porini siyo la disko.

Sasa kasheshe ni kwamba kati ya virukanjia wa huku chini wapo wawili, kurwa na doto. Mmoja ana shingo ya rangi ya kutu, wataalamu wanamwita Caprimulgus pectoralis. Mwenzake, Caprimulgus fossii, mkia wake ni kama umekatwa sawa kwa mkasi. Hiyo shingo isikudanganye, maana hata huyu wa pili anayo kutu kidogo. Wote rangi ya majani makavu, wote wana kidomo kidogo ambacho kikifunguka ni pango, wote wanadaka nondo na mbawakawa hewani. Mchana wanalala chini na unaweza kuwapita hatua mbili usione kitu.

Kwa hiyo achana na macho, tega sikio. Wa shingo ya kutu anapiga mluzi, mzuri kweli, unaishia kwa kutetemeka kama wa kijana anayemwita mpenzi wake nyuma ya ukuta. Kusini mwa Afrika, wanaosema Kiingereza wanadai anasali: Bwana mwema, tuokoe! Mara nyingi anaimbia mtini, na mbalamwezi ikiwaka ndiyo hanyamazi. Yule wa mkia sawa hana mluzi. Yeye ni mashine: trrrrrr mfululizo, halafu mlio unabadilika kama bodaboda inayobadili gia kupanda kilima cha Kola. Huyo kwa kawaida yuko chini, mahali peupe penye mchanga.

Mtu akisikia sauti hizo usiku anasema uchawi. Tusichekane, hata Wazungu wa kale walidai ndege hawa wananyonya mbuzi, na hilo Caprimulgus maana yake ni mkamua mbuzi!

Hawajengi kiota. Mayai, kwa kawaida mawili, yanawekwa chini tu juu ya majani, kwa hiyo angalia unapokanyaga, hasa Septemba hadi Novemba. Huko Zimbabwe watafiti waligundua kuwa yule wa mluzi hutaga kwa kufuata mwezi, ili wakati wa kulisha makinda kuwe na mwanga wa kuwindia. Mpango wa uzazi huo, wapo binadamu wameshindwa.

Kinachowamaliza ni barabara. Usiku wote wawili wanapenda kukaa njiani, na taa za gari zikiwamulika hawatimki mapema. Kwenye barabara kuu ya Zambia inayokatiza hifadhi ya Mikumi, madereva wenye haraka wanawasaga bila hata kujua wamekanyaga nini. Ukiona mbele yako vijicho viwili vinawaka kama vipande vya sigara, punguza mwendo, zima taa kubwa, mpe nafasi. Akiruka, hapo sasa ndipo macho yanapata kazi: dume mwenye weupe kwenye pembe za mkia tu ni yule wa mluzi, na mwenye weupe pembeni mwa mkia mzima ni yule wa mashine.