Jino la mjomba na mfupa wa ng'ombe

Msomaji mpenzi, hebu shika jino lako la mbele kwa vidole viwili ulitikise taratibu. Likicheza, usikimbilie kulaumu umri kama alivyofanya mjomba wangu kule Wenje.

Nilimkuta chini ya mwembe wake, embe analikata vipande vidogo vidogo kama anayemlisha mtoto. Naye ni mtu aliyekuwa akimenya muwa kwa meno!

"Uzee tu huu, mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo.

Fizi zake zilikuwa zimevimba. Alikiri kuwa zilimtoka damu kila alipopiga msuwaki, miaka nenda miaka rudi, ila kwa kuwa haziumi hakushughulika. Nikampandisha basi hadi Mombasa.

Daktari wa meno alitupigia picha na kutueleza. Ukoga wenye vijidudu huganda kwenye shina la jino. Mwili unapopigana navyo, mfupa unaolishika jino nao huliwa polepole. Ufizi ukisafishwa hupona, lakini mfupa uliokwishaliwa haurudi wenyewe.

Naam, pana njia ya kuuotesha. Ufizi hufunguliwa kwa ganzi, mizizi ikakwanguliwa, kisha shimo likajazwa chembechembe za mfupa. Huenda ukawa wa mgonjwa mwenyewe, uliotolewa kidevuni au nyuma ya taya, au wa marehemu aliyejitolea, au wa ng'ombe uliosafishwa hadi yakabaki madini matupu. Chembe hizo ni kama jukwaa la mwashi: mfupa mpya hupanda juu yake kwa miezi sita au zaidi. Mara nyingi hufunikwa kwa utando, ili nyama ya ufizi, ambayo huota upesi, isiuwahi mfupa nafasi yake. Mbinu hiyo ya utando Sture Nyman na wenzake waliitangaza mwaka 1982, baada ya kuijaribu kwenye jino la binadamu.

"Ng'ombe wa nani?" mjomba akauliza.

Daktari alicheka. Mimi sikucheka sana. Mwaka 2012 ugomvi wa malisho na mashamba katika delta ya Tana ulimwaga damu nyingi. Nami nikauliza juu ya utando, kwani mwingi hutengenezwa kwa nguruwe, na mjomba ni Mwislamu. Uliza, msomaji, usione haya. Upo wa aina nyingine.

Basi kati ya meno manne yaliyolegea, ni moja tu lililofaa, lenye shimo refu jembamba ambamo chembe zingetulia. Mengine mfupa wake ulikuwa umelika sawasawa pande zote, na hapo hakuna pa kujaza. Hata hilo moja, daktari alikataa kuligusa hadi mjomba aache sigara, kwani moshi huzuia kidonda kupona.

Mjomba alinyamaza mpaka tukafika stendi. Hapo akatoa pakiti mfukoni, akaitazama, akanikabidhi.

Usiku ule nilipiga mswaki mbele ya kioo. Povu nililotema lilikuwa na wekundu. Nina miadi Jumanne.