Hesabu Fedha, Usihesabu Magunia Tu

Ndugu mkulima, mimi ni Bwana Shamba. Leo nakueleza kosa langu, ili wewe usilirudie.

Msimu mmoja nilimshauri mzee mmoja alipie huduma ya kupima udongo na kuweka mbolea kwa kipimo. Aliuza mbuzi, akalipa shilingi 150,000 kwa ekari moja. Mahindi yalistawi. Alipata magunia mawili zaidi ya kawaida. Nilifurahi sana.

Mzee akaniuliza, "Bwana Shamba, mbuzi wangu yuko wapi?"

Tukachukua karatasi. Gunia moja aliliuza shilingi 60,000. Magunia mawili ni shilingi 120,000. Amepata hasara ya shilingi 30,000! Niliona aibu.

Kupima si kubaya. Lakini kipimo chenyewe kina bei gani? Msimu uliofuata tulitumia kisoda. Tulipanda kwa kamba: sentimita 75 kati ya mistari, sentimita 60 kati ya mashimo. Ekari ina mashimo kama 9,000. Kisoda kimoja cha mbolea ni kama gramu 5. Kila shimo kisoda kimoja, mfuko mmoja wa kilo 50 ulitosha.

Wewe ukiletewa jambo jipya, lijaribu kwanza kwenye robo ekari. Robo ya pili lima kama ulivyozoea. Andika gharama zote. Pima mavuno ya kila upande, piga bei yake, kisha toa gharama. Kinachobaki ndicho kitakachokuambia ukweli, si mimi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.