Mbwa tunayemwita mshenzi

Jamaa mlio katika kambi za waliokimbia mapigano huku Kisangani, leo nina habari ya mbwa. Msicheke kwanza.

Mdogo wangu aliye Marekani alinitumia video kwa telefone. Uwanja wa majani, watu wamevaa vizuri, mbwa wanakaguliwa mmoja mmoja. Masikio yamesimama, paji la uso limekunjamana, mkia umejiviringa juu ya mgongo. Nilishangaa. Ni mbwa wetu hawa, wanaopita sokoni tukiwatupia mawe!

Huko wanaitwa Basenji. Neno hilo mnalijua: washenzi, watu wa porini, kama wakoloni walivyowaita babu zetu. Mwaka 1937 mbwa waliotoka Kongo walionyeshwa London, katika maonyesho ya Crufts. Marekani klabu yao ipo tangu 1942, na kila mwaka wenye mbwa hukutana. Mwamuzi humweka mbwa juu ya meza, humfunua midomo aone meno, humpapasa mgongo na mapaja, kisha humtazama akikimbia. Dume anatakiwa kuwa na kimo cha sentimita 43 hivi, jike 40.

Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi huku, hadi upande wa Wazande, kutafuta mbwa wengine. Wale wa kwao walitokana na mababu wachache, na magonjwa ya kurithi yaliwasumbua. Walikuja kutafuta damu mpya kwa mshenzi wetu.

Vilabu vya mbwa huko vina pia jaribio la tabia. Mbwa anatembezwa kwa kamba iliyolegea, kama dakika 10. Anapitishwa karibu na mgeni. Ndoo yenye mawe inatikiswa. Mwavuli unafunguliwa ghafla mbele yake. Bunduki inapigwa mara 3. Mwishoni mtu asiyemjua anamjia kwa vitisho. Wanaangalia kama mbwa akishtuka anatulia tena, au hofu inamshinda.

Hapo nilimkumbuka mzee mmoja aliyekimbia Lubunga mwaka 2023. Alifika kambini na sufuria, mkeka, wajukuu wawili na mbwa. Nikapanda toleka kwenda kumwonyesha video.

Aliitazama mara mbili.

"Papa, unaonaje?" nikamuuliza.

"Wazuri. Wamenona. Lakini mwanangu, mbona hawana kengele?"

Kwao mbwa wa kuwinda hufungwa kengele ya mti shingoni, kwa sababu habweki. Bila kengele, mwindaji hajui mbwa yuko wapi msituni. Mzee akaitoa ya kwake chini ya mkeka. Ndani ilikuwa bado imejaa majani makavu.

"Usiku ule niliijaza majani ili isilie," akasema. "Tulilala porini, wajukuu wakiwa katikati, yeye pembeni. Bunduki zililia hadi alfajiri. Alitetemeka mwanzoni, kisha akaweka kichwa juu ya mguu wa mtoto."

Nilimweleza habari ya bunduki 3. Hakucheka. Aliuliza tu kama mbwa hupewa chakula baadaye.

Hata hivyo, si wote kambini wanaompenda mbwa huyo. Mama wa hema la jirani aliniambia wazi: "Watoto hawashibi, mbwa atakula nini? Na akiuma mtu?" Sikuwa na jibu la swali la kwanza. Mzee humgawia ugali wa sahani yake mwenyewe, na yeye amekonda kuliko mbwa.

Swali la pili lina jibu. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa achanjwe mapema. Ninawaomba wanaohudumia kambi zetu: mnapohesabu hema na watu, wahesabuni na mbwa, mlete chanjo yao.

Nilipoaga, mjukuu mdogo alikuwa anayatoa majani kwenye kengele kwa kijiti. Mzee akamzuia.

"Iache kwanza. Tutayatoa siku ya kurudi nyumbani."