Jina Chini ya Chetezo

Wachina wana vyetezo vya shaba ambavyo wapenzi wa vitu vya kale huvigombea mpaka leo. Vinaitwa vya Xuande, kwa jina la mfalme wa nasaba ya Ming aliyetawala kuanzia 1425 hadi 1435. Nilikiona kimoja katika kitabu cha picha: kifupi, kimenona tumboni, miguu mitatu, masikio mawili, nakshi hakina. Uzuri wake wote ni umbo na rangi ya shaba. Chini hupigwa maandishi sita: kimetengenezwa enzi za Xuande. Sasa sikiliza, msomaji: vingi vyenye maandishi hayo vilitengenezwa mfalme keshakufa zamani, vingine baada ya miaka mia na zaidi. Jina ni la mfalme, mikono ni ya fundi tusiyemjua.

Jambo hilo lilinichoma. Nilimaliza kidato cha nne Iringa, sasa nakaa Mbeya kwa kaka yangu, naandika riwaya kwenye kauntabuku. Kila nikiwasha taa usiku, kaka huuliza, "Bwana mdogo, hilo jina lako litatoka lini?"

Nikawafikiria mafundi wa huku kwetu. Ukipita Tunduma kuelekea Sumbawanga unaingia Ufipa. Zamani wahunzi wa Kifipa walijenga tanuri la udongo, ilungu, la kimo cha kama mita tatu. Halikuhitaji mivukuto, hewa ilijiingiza yenyewe kwa matundu ya chini, ikapanda na moto. Bonge la chuma likitoka, lilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kabla ya kufuliwa jembe. Wapangwa nao, kule Ludewa, iliyokuwa mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012, walikuwa na matanuri mafupi ya kuvukuta tangu mwanzo.

Lakini kilichonikamata ni maana. Kwa Wafipa ilungu lilikuwa bibi harusi, na chuma ndiye mtoto. Kwa hiyo siku za kuyeyusha, mafundi hawakulala na wake zao. Umeona hapo? Ishara haikuwa pambo la kubandika kazi ikishaisha. Ilimwamuru fundi alale wapi usiku.

Sisi chipukizi tunapenda sana ishara, jamani. Shujaa kafiwa, basi mvua inanyesha. Kwa nini inyeshe? Eti ishara! Mvua hiyo haikumlowesha mtu, wala haikuozesha mahindi ya jirani. Imebandikwa tu, kama jina la Xuande kwenye chetezo cha juzi.

Jembe la Mfipa halikuhitaji jina la mfalme. Lilijulikana shambani, kwa kulima. Juzi kaka aliponiuliza tena, nilimjibu, "Kaka, subiri kwanza lilime." Akacheka, akaenda kulala. Taa hakuizima.