Asante Isiyo na Bahasha



Wauguzi wapya wa A2 na A1 hutujia sisi makatekista kuomba sala kabla ya mahojiano ya kazi. Wachache hurudi na swali la pili: tuwashukuruje waliotuhoji? Swali hilo ni zito, kwa maana nchini mwetu neno «kushukuru» limeugua. Mtu akikunong'oneza mlangoni mwa ofisi kwamba «ujue kushukuru», hataki maneno mema. Anataka matabishi. Kinshasa huyaita madesu ya bana, maharagwe ya watoto, kana kwamba watoto ndio walioketi mezani kukuhoji.

Tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani, jemadari wa Aramu, ametakasika ukoma katika Yordani. Anarudi kwa Elisha pamoja na msafara wake wote. Amebeba talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Nabii anakataa mali yote. Lakini tuangalie vizuri: hakatai kushukuriwa. Naamani alisimama mbele yake, akamkiri Mungu wa Israeli, naye Elisha akamwaga kwa amani. Aliyeikimbilia mali ni Gehazi, mtumishi wake. Alitunga habari ya vijana wawili waliofika kutoka milima ya Efraimu, akaomba talanta 1, akapewa 2. Siku ile ile ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Ugonjwa ulimtoka mgonjwa ukahamia ndani ya nyumba ya uponyaji. Vivyo hivyo muuguzi aliyeinunua kazi yake atatafuta kuirudisha fedha yake, na atakayeilipa ni mama anayejifungua usiku.

Basi asante ya kweli ni barua fupi, ya kesho yake, inayopelekwa sekretarieti mchana, mbele ya macho ya watu. Kwa desturi ya ofisi zetu itaandikwa Kifaransa. Si vibaya, ila waza kwanza kwa lugha uliyonyonya, isije ikawa nakala ya barua ya mwenzako (sisi walimu huzitambua nakala upesi). Taja jambo moja lililosemwa kweli. Kama mkurugenzi wa uuguzi alieleza kwamba usiku muuguzi mmoja hulinda chumba kizima, sema kwamba umelisikia na umelitafakari. Kama uliulizwa kipimo cha dawa ukajibu nusu, andika jibu kamili kwa mstari mmoja. Usiombe huruma. Usimtaje padri paroko wala mjomba aliye wizarani. Na kumpigia simu usiku mganga mkurugenzi, nyumbani kwake, hakuitwi shukrani.

Mtatuambia: mwenye barua ataachwa, mwenye bahasha atapewa. Hutokea, hatutawaficha. Pengine ni miezi mingine ya kungoja, na mzazi aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya masomo hatalielewa jambo hili kwa urahisi. Kwa hiyo kikundi cha parokia kisimwache peke yake kijana huyo. Kimtafutie nauli, kimtembelee mzazi wake, kimwulizie nafasi katika vituo vya afya vya jimbo.

Naye akijibiwa «hapana», aandike tena: ashukuru kwa muda waliompa, aulize ni nini kilichopungua. Barua hii ya pili ni fupi kuliko ya kwanza, na hakuna atakayeidhania kuwa bei ya kitu.