Kima, papa na mpwa wangu

Wadau, nimekuwa kimya wiki tatu. Siyo testi tu, kuna la nyumbani pia.

Mnajua nasoma Elimu hapa Mlimani. Wikiendi huwa nashuka Mbagala kwa bibi, anakoishi mpwa wangu wa darasa la kwanza. Dada yangu aliondoka Machi kwenda Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Siku ya uwanja wa ndege dogo hakulia hata tone. Tukamsifu, mwanaume huyo! Mimi ndiye niliyesifu kwa sauti kubwa kuliko wote. Haukupita mwezi akaanza kukojoa kitandani, na shuleni akawa anapiga wenzake.

Basi nikaenda na madesa yangu ya saikolojia ya mtoto. Nikamkalisha mkekani, nikamuuliza kitaalamu kabisa: unajisikiaje?

"Poa."

Nikazunguka, nikauliza kwa njia nyingine. "Poa tu, mjomba." Desa likaishia hapo.

Jumamosi hiyo usiku umeme ukakatika. Bibi alikuwa anakanda unga wa maandazi ya asubuhi. "Paukwa!" akasema, wala hakumwangalia mtu. Tukaitika, "Pakawa!" Akaanza ile ya kima na papa. Wengi mnaijua, ni ya zamani mno. Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika kitabu cha hadithi alizokusanya Unguja. Kima yuko juu ya mkuyu anamrushia papa matunda, wanakuwa marafiki, papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari ndipo anamwambia ukweli: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Dogo akamkatiza bibi. "Kima aliogopa?"

Ningeulizwa mimi, ningesema kima ni shujaa, haogopi. Bibi akasema, "Aliogopa mpaka mkia ukafa ganzi. Utaruka uende wapi, na maji kila upande?"

"Alilia?"

"Kidogo. Halafu akafikiri."

Mengine mnayajua: kima anadai moyo kauacha mtini, papa anageuza, kima akifika anaparamia mti na hashuki tena. Bibi akaendelea na unga wake. Hakusema "kwa hiyo na wewe uwe jasiri." Sisi walimu hilo ndilo linalotushinda, hadithi haijaisha tumeshauliza inatufundisha nini. Angeulizwa hivyo, nina hakika dogo angerudi kwenye poa yake.

Jumamosi iliyofuata akaitaka tena, ileile. Ya tatu akasema atasimulia yeye. Kima wake alilia sana, jamani, mpaka papa akalalamika analoweshwa! Tukacheka. Akaendelea: kima alikuwa anamwita mama yake, lakini mama hasikii, yuko mbali. Halafu akanyamaza. Taa ya chemli ilikuwa chini, uso wake siuoni vizuri.

"Mjomba, na mama akikaa hukohuko?"

Nilikuwa nimeulizia swali hilo kila upande nisilipate, kumbe lilikuwa linapanda mgongo wa papa. Nilitamani kumwambia harudi kesho tu ila keshokutwa. Nikamwambia ninachokijua: mkataba una mwisho, na Ijumaa atapiga simu. Na kwamba hata mimi namkumbuka dada, na nililia choo cha uwanja wa ndege, watu wasinione. Akanitazama kama vile nimemdanganya muda mrefu. Na kweli.

Ijumaa dada akapiga WhatsApp. Dogo akaishika simu kwa mikono miwili. "Mama, moyo umeuacha wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemweleza dada lolote. Lakini naye kalelewa kwenye mkeka huohuo. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Kwenye mwembe wa bibi." Mtandao ukakata.

Dogo akatoka nje kuuangalia mwembe. Godoro bado tunalianika, ila siyo kila siku.